Cha Bure Kina Mwenyewe

Ndugu msomaji, hakuna neno linalopendeza masikioni mwa mfanyakazi kama neno "bure". Kodi ya chumba hulipwa, umeme hulipiwa kabla haujawaka, nauli ya daladala kutoka Nkuhungu kwenda mjini hulipwa, na ndoo ya maji siku ambayo bomba halitoi nayo hulipiwa. Kwa hiyo mtu anapoambiwa kwamba kuna kitu cha kupendeza macho, chenye hadithi isiyokwisha na mashujaa wasiozeeka, na kwamba kitu hicho hakina bei, si ajabu akanyosha mkono. Jumapili hii ningependa tukizungumzie kitu cha namna hiyo ambacho kimeingia katika nyumba zetu pasipo kubisha hodi. Nacho ni mchezo wa simu unaopakuliwa bure, na hususan ule ambao mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, akapigana, akapanda cheo, akakusanya silaha na wenzi wa safari.

Nkuhungu, kata iliyomo katika Jiji la Dodoma, ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili. Serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na tarehe 26 Aprili 2018 mji huu ukatangazwa kuwa jiji. Watu wameongezeka, na nyumba zimeongezeka. Katika kata za makazi kama hii wanaishi pamoja mafundi waashi, makarani, walimu, waendesha bodaboda na akina mama wenye biashara ndogo ndogo. Jioni, vumbi linapotulia, utawaona vijana wameketi barazani, vichwa vimeinama, nyuso zao zimeangazwa na simu. Mpita njia husema upesi kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Sidhani kwamba hukumu hiyo ni ya haki, wala sidhani kwamba inamsaidia mzazi yeyote.

Tuanze na uzuri wa michezo hii, maana ubaya wa kitu hauwezi kueleweka mpaka uzuri wake umekubaliwa kwanza. Haikuzaliwa katika simu. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons. Ulichezwa mezani kwa karatasi, penseli na dadu. Mmoja alisimulia, na wengine wakawa wahusika ndani ya masimulizi yake. Kwa asili, basi, mchezo huu ni jamaa wa ngano za bibi zetu, isipokuwa kwamba hapa msikilizaji ndiye Sungura mwenyewe, naye ndiye anayeamua kama atamkimbia Fisi au atamdanganya. Kompyuta zilipokuja zilichukua kazi ya msimulizi, na baadaye simu ikaitia kazi hiyo mfukoni mwa kila mtu.

Sasa mfikirie kijana aliyemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba. Matokeo hutoka Januari. Katika kipindi hicho yeye si mwanafunzi wala si mfanyakazi. Akitafuta kibarua cha kubeba matofali, leo anapata na kesho hapati. Nyumbani hutumwa dukani kama mtoto, na hulaumiwa kama mtu mzima. Lakini ndani ya mchezo mambo yana utaratibu. Akiua nyoka 10, anaandikiwa nyoka 10. Akijitahidi leo, kesho ana cheo kikubwa zaidi kuliko cha jana, na cheo hicho kinaonekana na wote. Hakuna anayemwuliza baba yake ni nani wala anajuana na nani ofisini. Huenda akawa kiongozi wa kikosi chenye wachezaji wa Mwanza, Mombasa na Kampala, akapanga nao vita na kuwagawia kazi. Kijana huyo, ndugu msomaji, hakimbii juhudi. Amepata mahali ambapo juhudi inahesabiwa.

Hapo ndipo utamu ulipo, na hapo hapo ndipo ndoana ilipofichwa.

Mchezo wa bure una mwenyewe. Mwenyewe huyo ana wachoraji, wanamuziki na mafundi wa kompyuta wanaostahili mshahara, na hatuna sababu ya kumlaumu kwa kutaka malipo ya kazi yake. Zamani njia ya kulipwa ilikuwa wazi: ulinunua mchezo kwa bei moja, ukaenda nao nyumbani. Oktoba 2009 kampuni ya Apple iliruhusu programu zinazotolewa bure katika duka lake la simu kuuza vitu ndani yake. Biashara ya namna hiyo ilikuwapo tayari katika michezo ya kompyuta, lakini kuanzia hapo ilitapakaa katika simu. Mlango ukawa wazi kwa wote, na duka likahamia ndani ya nyumba.

Tena duka lenyewe si la kawaida. Muuza duka wa mtaani huuza unga kwa sababu una njaa, na njaa hiyo hakukutia yeye. Mwenye mchezo wa bure hutengeneza njaa kwanza, kisha huuza chakula chake. Tazama jinsi inavyofanyika. Siku za mwanzo shujaa hupanda cheo kila baada ya dakika chache, zawadi humiminika, na adui huanguka kwa pigo moja. Baada ya majuma mawili au matatu kasi hupungua. Adui anakuwa mgumu ghafla. Halafu kuna "nguvu" ambazo shujaa hupewa kwa kipimo. Zikiisha, kazi ya kuvuna zawadi husimama mpaka zijae tena. Katika mchezo mmoja mashuhuri, Genshin Impact, uliotolewa na kampuni ya miHoYo ya Shanghai mwezi Septemba 2020, nguvu hizo hurudi moja moja, kila moja kwa dakika 8. Asiyetaka kusubiri anaweza kununua. Anachonunua ni kuondolewa kwa udhia uliowekwa na yule yule anayemwuzia.

Kuna pia zawadi za kila siku, ambazo anayekosa kuingia leo huzipoteza. Kuna mashujaa wanaotolewa kwa majuma machache tu, kisha huondolewa. Na kuna fedha za bandia zenye majina ya kupendeza. Katika michezo mingi fedha hizo huitwa almasi. Sisi Watanzania tunazijua almasi. Mwadui, Shinyanga, zimechimbwa tangu miaka ya 1940, na kila mmoja anajua jasho linalotoka kabla punje moja haijaonekana. Almasi za simu hazichimbwi na mtu. Mwenye mchezo huzitengeneza kwa kubonyeza kidole, kwa kiasi apendacho, na haziishi. Jina hilo limechaguliwa ili mnunuzi asahau kwamba anahesabu shilingi.

Lakini kitu kinachouma zaidi ya vyote ni sanduku la bahati. Mchezaji hamnunui shujaa amtakaye. Hununua nafasi ya kuvuta, na atakachovuta hakijui. Wajapani waliita jambo hili gacha, kutokana na sauti ya mashine za kuuza vikaragosi vya watoto: unatumbukiza sarafu, unazungusha mkono wa mashine, na kinaanguka kifurushi usichokichagua. Katika Genshin Impact, kwa mujibu wa kanuni za mchezo wenyewe, uwezekano wa kumpata shujaa wa daraja la juu katika mvuto mmoja ni asilimia 0.6, yaani mara 6 katika 1,000. Ukivuta mara 90 bila kumpata, wa daraja hilo hutolewa kwa lazima, lakini huenda asiwe yule uliyemtaka.

Hebu tupige hesabu, maana hesabu ni dawa. Mvuto mmoja ni vito 160. Mivuto 90 ni vito 14,400. Furushi kubwa la dola karibu 100 hutoa vito takriban 8,000 kwa bei ya kawaida. Basi mtu asiye na bahati, anayenunua kila kitu kwa fedha, atafikia dola zipatazo 180 kabla hajamwona shujaa mmoja wa daraja la juu. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 450,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa Serikali kilipandishwa hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025. Mshahara wa mwezi mzima, basi, karibu wote, kwa picha ya mtu mwenye upanga.

Ni kweli kwamba wachezaji walio wengi hawalipi hata senti. Hulipa kwa uvumilivu. Huamka usiku ili wasipoteze zawadi, hununua bando ili wapakue sehemu mpya za mchezo, hufuta picha za familia ili simu ipate nafasi. Sehemu kubwa ya mapato hutoka kwa wachache wanaolipa sana, ambao wafanyabiashara wa michezo hii huwaita "nyangumi". Nyangumi naye anawahitaji hao wengine, kwani silaha ya dhahabu haina raha pasipo watu wa kuitazama. Kwa hiyo hata asiyelipa ana kazi katika duka lile: yeye ni umati. Zamani tulifundishwa kumtambua kupe kwa tumbo lake. Huyu hana tumbo linaloonekana.

Tuchukue mfano wa nyumba moja, ambayo wengi wetu tutaitambua ingawa haina jina. Baba ni fundi mwashi. Mama hukaanga vitumbua alfajiri, na ni mwanachama wa kikoba cha akina mama wa mtaa. Kijana wao wa miaka 17 anasubiri matokeo. Macho ya mama hayaoni vizuri maandishi madogo, kwa hiyo kijana ndiye anayemnunulia umeme na kumtumia fedha kwa simu, na namba ya siri anaijua. Jumatatu anatuma shilingi 15,000 kwa mtu wa mtandaoni anayeuza almasi za mchezo. Ananuia kuzirudisha kwa kibarua cha Jumamosi. Jumatano anatuma 15,000 nyingine, kwa kuwa za kwanza hazikuleta kitu, naye sasa "amekaribia". Ijumaa anatuma tena. Jumapili mama anafika kikobani na marejesho ya mkopo wake, anafungua simu mbele ya wenzake, na shilingi 45,000 hazipo.

Faini ya kuchelewesha marejesho inalipika. Kisicholipika ni macho ya wenzake, ambao walimdhamini kwa kuwa neno lake halijawahi kupinda. Anarudi nyumbani. Baba anataka kuivunja simu. Kijana analia, naye si mwongo anaposema:

"Mama, nisamehe. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu."

"Kidogo ufike wapi, mwanangu?"

Kijana hana jibu. Na hana jibu kwa sababu hakuna mahali pa kufika. Angempata shujaa yule, majuma matatu baadaye angeletwa mwingine mwenye nguvu zaidi. Neno "nimekaribia" ndilo bidhaa hasa inayouzwa pale. Wataalamu wa tabia wamelijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1957 Charles Ferster na B. F. Skinner wa Marekani walichapisha utafiti mkubwa juu ya wanyama waliolishwa kwa namna mbalimbali. Ilionekana kwamba njiwa anayepata punje kwa nyakati zisizotabirika huendelea kudonoa bila kuchoka. Mwenye mashine ya kamari analijua hilo, na mwenye sanduku la bahati analijua pia.

Nchi nyingine zimekwisha kuchukua hatua. Japani mwaka 2012 ilipiga marufuku namna moja ya gacha iliyomlazimisha mchezaji akamilishe seti nzima ya picha ndipo apate zawadi kuu. China kuanzia mwaka 2017 iliwataka wenye michezo watangaze uwezekano wa kushinda. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa ni kamari. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza makubaliano na wauzaji wa Genshin Impact nchini humo, walipe dola milioni 20 na wasiwauzie masanduku hayo walio chini ya miaka 16 pasipo ridhaa ya wazazi. Hapa kwetu tunayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Kijana akiingia katika nyumba ya kamari, yupo mtu mlangoni wa kumwuliza umri. Sanduku lililomo katika simu halina mlango wala bawabu. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na Tume ya Ushindani zingefanya jambo jema kulitazama suala hili, na wazazi wana haki ya kuliuliza.

Lakini nyumba haiwezi kusubiri sheria. Mzazi afanye nini leo?

Kwanza, asivunje simu. Simu hugharimu fedha, na kijana aliyevunjiwa yake ataazima ya rafiki. Badala yake, mzazi aketi naye nusu saa na kumwomba amweleze mchezo: huyu ni nani, cheo hiki kinapatikanaje, nguvu zikiisha inakuwaje. Kijana atashangaa kuulizwa, na mzazi atashangaa kuona jinsi mwanawe anavyojua kupanga mambo. Katika mazungumzo hayo hayo wapige pamoja hesabu ile ya vito na shilingi, kwa kalamu na karatasi. Kijana akigundua mwenyewe kwamba anakaangwa kwa mafuta yake, hilo litafanya kazi kuliko fimbo.

Pili, namba ya siri ya fedha ni ya mwenye fedha peke yake. Kama macho hayaoni, na itafutwe miwani. Hili si suala la kutomwamini mtoto. Ni kumwondolea mtoto jaribu ambalo hata mtu mzima lingemshinda. Katika duka la programu la simu za Android kuna mahali pa kuagiza nywila iulizwe kabla ya kila ununuzi, na ni vema paagizwe hivyo leo hii.

Tatu, ikiwa nyumba imeamua kwamba burudani hii inastahili fedha, basi fedha hiyo ihesabiwe pamoja na matumizi mengine, kwa shilingi, wala si kwa almasi, na kiasi kisemwe mbele ya wote mwanzoni mwa mwezi. Mtu mzima afuate kanuni hiyo hiyo, maana wapo akina baba wanaomkemea mtoto kwa almasi ilhali wao wana mikeka ya mpira mfukoni. Pia ikumbukwe kwamba kinachonunuliwa humo hakimilikiwi. Mchezo wa Dragalia Lost, ulioletwa na Nintendo na Cygames mwaka 2018, ulifungwa tarehe 30 Novemba 2022. Mitambo ilipozimwa, mashujaa wote walikwenda nayo, waliopatikana bure na walionunuliwa.

Nne, na hili ndilo kubwa, tujiulize mchezo unampa kijana kitu gani ambacho nyumba haimpi. Unampa cheo, unamhesabia kazi yake, na unamwambia "vema" kila siku. Je, sisi? Kijana aliyepaka chokaa ukuta mzima, nani alisimama akautazama? Mpe jukumu lenye jina, mpe sehemu ya ujira wake mkononi, mweleze baba fundi ampeleke kazini akajifunze kupima pembe ya ukuta. Na jioni mkaribishe penye bao. Kwenye bao pia watu husahau chakula, sikatai. Lakini lina mashimo 32 na kete 64, kwa tajiri na kwa maskini. Hakuna anayeuza kete ya 65. Anayefungwa leo hurudi kesho na akili zaidi, na akili hiyo hakuna anayeweza kuizima.

Michezo ya simu haitaondoka, wala si lazima iondoke. Wapo wanaoicheza kwa kiasi, wakafurahi, wakaiweka chini na kwenda kulala. Tunalowatakia watoto wetu ni uwezo huo. Anayejua kuuliza, "Hiki cha bure, mwenyewe anakula wapi?" amepata elimu itakayomfaa pia siku atakapoletewa mkopo wa haraka, bidhaa ya kuonja au ahadi ya mwanasiasa.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia mapumziko mema.